Mzigo Kichwani: Fiziolojia, Fizikia na Wachukuzi wa Afrika ya Mashariki

Historia ya Maniema yaweza kuandikwa kwa kufuata mabega ya watu. Katika karne ya 19 pembe za ndovu ziliondoka Nyangwe na Kasongo, zikachukuliwa na wapagazi hadi Ziwa Tanganyika na hatimaye pwani. Aghalabu mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Reli ilipofika Kindu mwanzoni mwa karne ya 20, shehena kubwa zilihamia kwenye mabehewa. Mihogo, kuni na maji vilibakia juu ya wanawake, huko Obokote kama kwingineko mashariki ya Kongo.

Wasafiri wa zamani walihesabu mizigo, siku na posho. Mwili wa mchukuzi hawakuuchunguza. Kazi hiyo ilifanyika baadaye, tena nchini Kenya. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwamo C. R. Taylor, mtaalamu wa mwendo wa wanyama, na G. A. Cavagna, mwanafiziolojia wa Italia. Walipima oksijeni waliyotumia wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikikuyu, wabebao mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Ikaonekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi yoyote ya nguvu. Askari wenye shanta hawakupata nafuu hiyo.

Fiziolojia ilikuwa imeonyesha jambo bila kulieleza. Maelezo yalitoka katika fizikia: mwaka 1995 Heglund, Cavagna na wenzao walionyesha kwamba mwili utembeao hupanda na kushuka mfano wa timazi inayobembea, nguvu ya kimo ikigeuka mwendo na mwendo ukigeuka kimo. Kwa wanawake hao, mzigo ulipoongezeka, mageuzi hayo yalizidi kuwa bora, na nguvu kidogo zaidi ikapotea.

Hata hivyo, neno “bure” lililozoeleka katika kuusimulia utafiti huu lastahili kutiliwa shaka. Waliopimwa walikuwa wachache, wazoefu, na oksijeni haisemi lolote juu ya shingo. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini. Hawakuona kwamba kubeba kichwani kuna nafuu kuliko kubeba mgongoni, na tofauti baina ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno. Jambo ambalo mimi naliona lina uzito zaidi ni kwamba watafiti hao hawakutosheka na mashine, bali waliwauliza wanawake wenyewe wanaumia wapi. Kwa mzigo wa kichwani, jibu lilikuwa shingo.