Mkusanyiko wa Winterton
Mkusanyiko wa Winterton ni hazina ya picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya 1860 na 1960 na kukusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton, ambayo Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kimeiweka kwenye intaneti. Zenye thamani ya pekee ni picha za ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Nakala ya kidijiti, yaani taswira iliyogeuzwa kuwa faili la kompyuta, huipunguzia picha asilia madhara ya kushikwashikwa, lakini haitafutiki bila metadata, yaani maelezo ya mahali, tarehe na mada. Na hapo ndipo penye upungufu, kwani vibarua wengi waliotandaza mataruma hawatajwi majina.