Gitaa Lililolegezwa Nyuzi

Gitaa linalouzwa dukani leo hutuniwa E-A-D-G-B-E, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, na wengi huamini kwamba ndivyo lilivyozaliwa. Lakini katikati ya karne ya 19, Henry Worrall, mwalimu wa gitaa nchini Marekani, alichapisha vipande viwili, "Sebastopol" na "Spanish Fandango". Kabla ya kuvipiga sharti ubadili tuni, hadi nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa zitoe kodi kamili. Wapiga bluzi Weusi wa Kusini mwa Marekani walizirithi tuni hizo pamoja na majina yake. "Sebastopol" ikawa "Vestapol" midomoni mwao.

Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 walikuwa na haja nyingine. Nyimbo nyingi za kale za nchi yao na za Ireland ziliimbwa bila ala, na sauti zake hazikai sawasawa kwenye meja wala maina. Ukizisindikiza kwa kodi za kawaida, unazibana. Mpiga gitaa Davy Graham, mzaliwa wa Uingereza, baba Mskoti na mama wa Guyana, alikwenda Tangier, Morocco, mwanzoni mwa muongo huo. Huko alikutana na wapiga udi, ala ambayo mpenzi wa taarabu ya Unguja hahitaji kuelezwa. Ili gitaa lake liende nao, alishusha uzi wa sita na wa kwanza kutoka E hadi D, na wa pili kutoka B hadi A. Ikawa D-A-D-G-A-D. Ndani yake hamna ile noti ya tatu inayoamua kama kodi ni meja au maina; uamuzi anaachiwa mwimbaji. Kwangu mimi, hakuna lililolifaa gitaa la foku, yaani la nyimbo hizo za kale, kuliko hilo, na lilipatikana Morocco, si London. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, aliichukua tuni hiyo, na mwaka 1975 ikasikika katika "Kashmir" ya bendi hiyo.

Wapo wanaosema tuni hizi ni mbwembwe. Wamtazame mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada. Polio ilimpata akiwa na miaka 9, ikaudhoofisha mkono wake wa kushoto, ule unaobonyeza kodi. Badala ya kuvilazimisha vidole, akazungusha vigingi. Baadaye alikuwa na tuni zipatazo 50, na kodi zake zikawa ngeni hata kwa wanamuziki wenzake.

Jukwaani uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwimbaji Nick Drake wa Uingereza alikuwa akitumia muda mrefu kutuni kati ya wimbo na wimbo, huku hadhira ikichoka. Mitchell naye alikaribia kuacha kutumbuiza, mpaka alipopata, katikati ya miaka ya 1990, kifaa cha Roland kiitwacho VG-8: nyuzi zinabaki zilivyo, mashine inabadilisha sauti.