Asili ya Madai ya Mwambao wa Kenya

Neno mwambao latokana na kitenzi kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu. Chombo huambaa pwani kikienda toka bandari hii hadi ile, na nchi inayoonekana na mabaharia ndiyo mwambao. Kwa asili yake, basi, neno hili laitazama nchi kutoka baharini: lina urefu, wala halina upana. Lakini katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza neno hilo hilo lilikuwa jina la nchi yenye mpaka uliopimwa kwa maili, na bendera ya watu waliotaka nchi hiyo ijitawale mbali na Kenya au irudishwe chini ya Unguja. Mwambao ulipataje upana? Jibu la swali hili ndilo asili ya madai yenyewe.

Upana huo ulitoka Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Seyyid Barghash barani ni ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni, kuanzia kusini ya Ruvuma hadi Kipini, pamoja na Lamu na visiwa jirani, na miji kadha ya kaskazini. Mstari huu haukufuata desturi yoyote ya wenyeji. Wamijikenda, ambao kwa karne nyingi walikuwa wakibadilishana bidhaa, maagano na wakwe na watu wa Mombasa, walijikuta baadhi yao wamo ndani ya ukanda na wengine wako nje.

Yaliyoufikia ukanda huo baadaye hayakuwa ya namna moja, na hapa ndipo penye fundo la habari hii. Sehemu ya kusini, yenye Tanga, Bagamoyo na Kilwa, iliuzwa kwa Wajerumani mwaka 1890 kwa maki 4,000,000. Bandari za Banadiri ziliuzwa kwa Waitalia mwaka 1905. Sehemu ya katikati peke yake haikuuzwa. Ilitolewa kwanza kwa kampuni ya Kiingereza, na kampuni iliposhindwa, Seyyid Hamed bin Thuwaini na Sir Arthur Hardinge walitia sahihi mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, ambao kwao serikali ya Kiingereza ilichukua uongozi kwa kodi ya kila mwaka, na enzi ikabaki ya Seyyid. Kilichouzwa kimekwisha, kilichokodishwa mwenyewe yupo. Ndiyo sababu madai ya namna hii hayakuzuka Tanga wala Bagamoyo, ingawa watu wa huko walikuwa na lugha ile ile na dini ile ile.

Lakini mwenyewe huyo ni nani? Mkataba ulimtaja Seyyid, wala haukuwauliza wakazi. Wakati ulipokuwa ukitiwa sahihi, Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Mazrui wenziwe walikuwa vitani dhidi ya Waingereza, na dhidi ya Seyyid pia. Mwaka 1896 Mbaruk akavuka kwa Wajerumani. Baada ya hapo utawala wa pwani uliendeshwa kwa jina la Seyyid, kwa maliwali, mamudiri na makadhi, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya Ngome ya Mombasa. Mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, pwani ilibaki himaya. Jina rasmi la nchi, Koloni na Himaya ya Kenya, lilikiri kila siku kwamba ni nchi mbili katika moja.

Na ndani ya himaya hiyo watu hawakuwekwa katika daraja moja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alete ushahidi wake. Waliokuwa na hati, au mashahidi wa kukubaliwa, walipewa milki. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, na wengi wa watumwa walioachwa huru kwa sheria ya mwaka 1907, waligeuka wapangaji juu ya mashamba waliyoyalima wenyewe. Hata Waswahili wa Mombasa, wale wa Thenashara Taifa, walishindana kwa miaka mingi na serikali iliyowahesabu wenyeji mahali ilipowahesabu Waarabu kuwa si wenyeji.

Kwa hiyo uhuru wa Kenya ulipokaribia, mkataba mmoja ulisomwa kwa macho mawili. Viongozi wa Mwambao, wengi wao Waarabu na Waswahili wa mijini, waliona ndani yake haki iliyohifadhiwa. Ronald Ngala na Wamijikenda wengi waliona ndani yake utawala wa mabwana wa zamani. Wao walitaka majimbo ndani ya Kenya, si kujitenga nayo. Sir James Robertson, aliyetumwa mwaka 1961 kuchunguza jambo hili, alishauri ukanda uunganishwe na Kenya kwa masharti ya kuwalinda wakazi wake. Mkutano wa London wa mwaka 1962 haukuwaridhisha wenye madai, na mwezi wa Oktoba 1963 jambo lilimalizwa kwa barua za Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte na mkataba uliofuata. Seyyid aliacha enzi yake. Kenya iliahidi kulinda dini, mahakama za makadhi, na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa sana. Iliwatuliza wenye hati, na papo hapo ikawafungia mlango wasio nazo. Basi si ajabu kwamba madai yalipofufuka kwa Baraza la Jamhuri ya Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1999 na kupigwa marufuku mwaka 2010, wengi wa wafuasi wake walikuwa Wamijikenda, yaani watoto na wajukuu wa wale walioukataa Mwambao. Walishika mikononi mikataba ile ile ya 1895 na 1963, wakasema, "Pwani si Kenya," wakidai ardhi ambayo mikataba hiyo haikupata kuwapa.

Neno, basi, lilibaki pale pale, lakini wasemaji walibadilika. Mkataba uliipima nchi kwa maili na kuikodisha kwa paundi. Suala la mkulima aliye juu ya ardhi hiyo haukuligusa. Uliambaa tu.