Ng'ombe Aliyekonda

Nilikuwa na miaka tisa Bibi alipomfukuza kijana aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani. Ng'ombe alikuwa na mwezi mmoja tangu azae. Ndoo ya maziwa ilijaa asubuhi na jioni, lakini mbavu zake zilihesabika. Bibi akaniuliza kama kijana yule alikuwa akimnyima chakula. Nikajibu kwamba nilimkuta amelala mchana. Ilikuwa kweli, ila sicho nilichoulizwa. Aliondoka jioni ileile na mfuko wake wa nguo.

Nimemkumbuka tena mwaka huu, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu homoni ya ukuaji na asidi za mafuta.

Historia ya homoni hii inaanza na panya. Mwaka 1921, huko Berkeley, California, Herbert Evans na Joseph Long walitangaza kwamba panya waliodungwa maji yaliyotolewa sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari ya ng'ombe walikua kupita kiasi. Tezi hiyo ndogo iko chini ya ubongo. Kwamba ilikuwa na kitu cha kukuza mwili, hapakuwa na ubishi. Swali likabaki: mwili huo mkubwa ulijengwa kwa nini?

Mwaka 1934 Lee na Schaffer waliyapa makundi mawili ya panya chakula cha kiasi sawa, kundi moja likidungwa. Waliodungwa waliongezeka uzito zaidi, lakini miilini mwao mlikuwa na protini na maji mengi zaidi, na mafuta kidogo. Chakula hakikuongezeka. Kilichobadilika ni matumizi yake.

Wafugaji wakasikia upande mwingine wa habari. Mwaka 1937 Asimov na Krouze, katika Muungano wa Sovieti, waliripoti kwamba ng'ombe waliodungwa dawa ya tezi hiyo walitoa maziwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Uingereza waliwaza kuongeza maziwa ya taifa kwa njia hiyo, lakini tezi zilizopatikana machinjioni zilikuwa chache mno. Mwaka 1944 Choh Hao Li na Evans wakaitenga homoni yenyewe.

Mafuta yalipata maelezo baadaye. Mwaka 1959 Raben na Hollenberg walionyesha kuwa homoni hii hupandisha asidi za mafuta katika damu. Leo tunajua inavyofanya kazi. Insulini huhimiza mwili kuweka akiba. Homoni ya ukuaji huipunguzia nguvu. Seli za mafuta huvunja akiba yao na kumwaga asidi za mafuta katika damu. Misuli huzichoma hizo, na sukari na protini zikabaki kwa kazi nyingine.

Katika miaka ya 1980, bakteria walipoweza kutengeneza homoni hiyo kwa wingi, Dale Bauman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa ng'ombe wa maziwa. Ripoti yao ya 1985 ilionyesha ongezeko la maziwa la asilimia 23 hadi 41. Ng'ombe akila vya kutosha, homoni humzuia tu kuweka mafuta mapya. Chakula kisipotosha, mafuta ya mwilini huhamia kwenye kiwele, mengine yakichomwa, mengine yakiingia katika maziwa. Marekani iliidhinisha sindano hiyo mwaka 1993. Kanada iliikataa mwaka 1999, kwa sababu ya afya ya ng'ombe wenyewe.

Ng'ombe wetu hakudungwa chochote. Lakini ng'ombe mwenye maziwa mengi, akishazaa, homoni yake mwenyewe hupanda na insulini hushuka, huku uwezo wake wa kula ukiwa bado haujafikia maziwa anayotoa. Hori linaweza kujaa na bado akakonda. Ile ndoo tuliyoifurahia ilikuwa na mafuta ya mgongo wake.

Nilimpigia Bibi simu nikamweleza yote haya, pamoja na jibu nililompa siku ile. Alikaa kimya. Kisha akauliza kama najua yule kijana alikwenda wapi.

Sijui. Hata jina lake nililazimika kumuuliza yeye.