Makato ya Kodi ya Mapato kwa Anayefanya Kazi Ughaibuni: Kipi Hupunguza Kodi, na Je, Kodi Ni Zaka?

SWALI:

Mimi ni mwenyeji wa Nyakisasa, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Nafanya kazi ya uuguzi Uingereza, mwaka wa sita sasa. Kodi inakatwa kwenye mshahara kabla haujanifikia. Kila mwezi namtumia mama pesa za matumizi, na mwaka jana nilichangia bati za msikiti wa kijijini. Wenzangu wananiambia nijaze fomu ili pesa hizo zipunguzwe kwenye kodi. Mmoja kasema kwa kuwa nakatwa kodi kubwa, zaka imeniondokea. Lipi sahihi?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu yetu, swali lako lina hesabu tatu: kodi ya serikali, nafaka ya mzazi, na zaka. Kila moja ina mwenye haki yake na masharti yake. Makosa mengi hutokea mtu anapolipa moja kwa jina la nyengine.

1. Kodi inavyohesabiwa unakoishi

Uingereza, kwa kawaida, pauni 12,570 za mwanzo za mapato ya mwaka hazitozwi kodi ya mapato. Zinazofuata, mpaka kufikia pauni 50,270, hutozwa asilimia 20, na juu ya hapo kuanzia asilimia 40. (Uskoti ina viwango vyake.) Mwenye mshahara wa pauni 30,000 hutozwa kodi kwenye pauni 17,430 tu, nayo ni pauni 3,486. Mchango wa bima ya taifa hukatwa mbali.

2. Makato yaliyo haki yako

Sheria yao inamruhusu mfanyakazi kupunguziwa kodi kwa baadhi ya gharama za kazi: ada ya usajili wa taaluma kama uuguzi, kufua sare za kazi kwa gharama yako mwenyewe, na michango ya pensheni. Ukiwa hukuomba, unaweza kudai kwa miaka minne iliyopita. Kudai haya si hila wala tamaa. Ni mali yako, na hapana ubaya kisheria kuichukua.

3. Pesa za mama na bati za msikiti

Pesa unazomtumia mama hazipunguzi kodi yako Uingereza. Marekani nako mtu hupunguziwa kodi kwa baadhi ya wategemezi, lakini mtegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Mexico. Mzazi aliyeko Nyakisasa hahesabiki.

Ama sadaka, Uingereza kuna mpango uitwao Gift Aid. Ukitoa pauni 400 kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na mamlaka ya kodi ya huko, taasisi hudai serikalini pauni 100 zaidi. Wewe ukiwa katika daraja la asilimia 40, unaweza kudai tofauti yako. Lakini pesa iliyotumwa moja kwa moja kwa fundi wa bati Ngara haimo katika mpango huo.

Kwa hivyo kujaza kwenye fomu usichostahiki ni uongo. Umeingia nchi ile kwa viza na mkataba, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza mikataba. Kutokuwa Waislamu kwa waliokuajiri hakuihalalishi khiyana.

4. Je, kodi inasimama mahali pa zaka?

Hapana. Zaka ni ibada. Ina nia yake, kiwango chake, na watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Kodi inajenga barabara na hospitali, na inalipwa bila ya nia hiyo. Wanazuoni wengi wa zama hizi, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha fiqhi ya zaka, wamesema kodi haiangushi zaka.

Lakini kodi inaathiri hesabu. Iliyokatwa kabla mshahara haujakufikia hukuimiliki, basi haina zaka juu yako. Iliyobaki ikawa akiba, ikafikia nisabu ya thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5. Mfano, akiba ya pauni 16,000 zaka yake ni pauni 400.

Kodi unayodaiwa na hujailipa ina khitilafu. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafi, deni halizuii zaka. Wengi wasiokuwa wao huliondoa deni kwanza. Lililo salama ni kulipa kodi inapofika muda wake, kisha uhesabu kilichobaki.

Ukipitisha zaka yako kwenye Gift Aid, toa pauni 400 zako kamili. Usitoe 320 ukitegemea serikali ijazie.

5. Zaka na watu wa Nyakisasa

Mama ambaye nafaka yake ni wajibu juu yako hapewi zaka yako. Unachompa ni haki yake na wema wenye malipo makubwa. Ndugu, mjomba au jirani fakiri asiyekuwa chini ya nafaka yako anaweza kupewa, na kwa jamaa unapata thawabu mbili: ya zaka na ya kuunga udugu. Bati za msikiti, kwa kauli ya wengi, ni sadaka. Kuhamisha zaka kutoka mji mmoja kwenda mwengine kumekatazwa na Mashafi wengi, na wengine wameruhusu kwa haja au kwa jamaa. Nasi hatuoni ubaya ikiwa nyumbani kuna wahitaji zaidi.

6. Usisahau upande wa Tanzania

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu huhesabiwa mkaazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Pia huhesabiwa hivyo akiwa na makaazi ya kudumu Tanzania na akawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, lakini hupewa nafuu kwa kodi aliyokwisha kulipa nje. Basi ukijenga Nyakisasa na kuja kila Idi, kaulize ofisi ya TRA kuhusu hali yako, na utunze hati za kodi uliyokatwa. Kodi ya pango la duka lako Ngara ni mapato ya Tanzania hata ukiwa huko.

7. Nchi zinazotambua zaka

Malaysia humpunguzia Mwislamu kodi yake kwa kiasi cha zaka aliyolipa kwa mamlaka ya zaka. Oman, kwa amri ya Sultani namba 56 ya 2025, itaanza Januari 2028 kutoza asilimia 5 kwa mapato ya mtu yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, na miongoni mwa makato yaliyotajwa ni zaka, elimu na matibabu. Hata huko ni serikali inayosamehe kodi kwa ajili ya zaka. Zaka yenyewe hubaki palepale.

Kwa ufupi: dai makato uliyoruhusiwa, usidai usiyostahiki, mpe mama haki yake, na toa zaka ya akiba yako kamili.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.