Kariakoo na Wana-Simiyu: Urithi wa Mtaa Uliolea Simba na Yanga

Siku ya mchezo wa Simba na Yanga, jezi nyekundu na zile za kijani na njano huonekana Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega kama zionekanavyo Dar es Salaam. Wengi wa wanaozivaa hawajakanyaga Kariakoo, mtaa ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Hata hivyo historia ya mtaa ule imeingia katika nyumba zetu, na yafaa vijana wetu waijue.

Jina lenyewe lina uzito. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Wajerumani ilijenga mahali pale jengo la soko. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walipoteza maisha katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina tunalolitaja leo kwa shangwe lilizaliwa katika mateso ya watu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Baada ya vita mtaa ukawa makao ya Waafrika waliotoka pwani na bara. Watu wasiokuwa na ukoo mmoja wala kabila moja walihitaji mahali pa kujuana, na vyama vikawapa mahali hapo. Katika mtaa huohuo, tarehe 7 Julai 1954, kilizaliwa chama cha TANU, katika barabara ambayo sasa yaitwa Lumumba.

Miongoni mwa vyama hivyo vilikuwamo vya mpira. Yanga ilianzishwa tarehe 11 Februari 1935, ikaweka makao yake Jangwani. Masimulizi ya mtaa yanaeleza kwamba mwaka 1936 baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao. Timu hiyo iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikapewa jina la Simba. Makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwa watani wao. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndiyo iliyotwaa ubingwa. Katika mashindano ya Afrika, Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na Simba nayo mwaka 2025.

Matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalipoufikisha utani huo Usukumani, hayakukuta watu wageni wa jambo hilo. Wazee wetu walikwisha kugawanyika Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, waliovuma katika karne ya 19. Baada ya mavuno, pande mbili zilicheza mbina kwa wakati mmoja, uwanja kwa uwanja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hapakuwa na ushindi bila mpinzani, kwa maana asiyekuwa na mshindani hakuwa na wa kumnyang'anya watazamaji. Mgika na Mgalu walirudi kulima pamoja, na msimu uliofuata wakashindana tena.

Urithi huo unahitaji mambo mawili: moyo wa utani usiogeuka kuwa uadui, na ardhi ya kuchezea. Kariakoo inatufundisha jinsi ardhi inavyopungua. Nyumba za chini walimokaa waasisi zimeyapisha maghorofa ya biashara, na tarehe 16 Novemba 2024 mojawapo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Mahali ambapo kila hatua ya ardhi ina bei, kiwanja cha watoto hakina mtetezi.

Bariadi ilifanywa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani watu zaidi ya milioni 2.1. Mji wetu ungali na nafasi ambayo Kariakoo haina tena. Tukipima viwanja vya nyumba na maduka, tupime na vya michezo, tena viandikwe katika ramani kabla bei haijapanda. Vijana waliounda Yanga na Simba hawakuwa na mali, bali walikuwa na mahali pa kukutana. Watoto wetu nao wasikose mahali hapo.