Mionzi Kwanza au Kisu Kwanza? Historia Inayomhusu Mama wa Mbinga



Mwaka 1901 meli ya wamishionari, Chauncy Maples, ilishushwa Ziwa Nyasa. Ilibeba shule, kanisa na tiba kwa vijiji vya ufukweni. Kwa saratani ya mfuko wa uzazi, hata hivyo, tiba ilikuwa ikitafutwa mbali sana na ziwa hilo.

Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mwaka 1898. Miaka ya 1930, daktari James Heyman wa Stockholm alikuwa akijaza vidonge vidogo vya radiamu ndani ya mfuko wa uzazi. Madaktari wengi kwingineko wakashika utaratibu huu: radiamu kwanza, kisha baada ya wiki kadhaa, kisu. Walitumaini uvimbe utasinyaa na mbegu zake hazitasambaa wakati wa upasuaji.

Lakini mionzi ilifuta ushahidi. Mfuko ukishatolewa, ilikuwa vigumu kujua ugonjwa ulizama kiasi gani, na wanawake ambao upasuaji pekee ungewatosha walichomwa mionzi bure. Mwaka 1988 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, likaamua hatua ya ugonjwa ipimwe kwa upasuaji. Tangu hapo, saratani ikiwa changa, kwa kawaida kisu hutangulia, na mionzi hufuata kwa anayeihitaji.

Kwa mama wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay hili si jambo dogo. Kwa miaka mingi mionzi nchini ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, pekee, karibu kilomita 1,000 kutoka kwao. Upasuaji hufanyika katika hospitali nyingi zaidi. Akiwahi, huenda safari ile ndefu ya mionzi asiihitaji kabisa.

Kuwahi kunaanza na kusema. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, si ya kusubiriwa. Fatma bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe kumuuliza kuhusu damu isiyokatika, na haya haikumzuia. Basi bibi harusi, muulize mama yako, na mama mkwe pia, kwa upole na faragha, kisha mfuatane hospitali.

Allah awape shifa wagonjwa wetu wote. Amin.